Msitu Wenye Wenyewe

Baada ya arubaini ya mama, nyumba yetu ya Mombasa ilirudi kuwa nyumba ya kila siku. Majamvi yalikunjwa, masufuria ya kuazima yakarudishwa, jamaa waliotoka Lamu na Tanga wakafunga mizigo yao. Mimi nikarudi darasani. Nilifundisha, nikasahihisha madaftari, nikaswali kwa wakati, lakini nilikuwa na uchovu ambao usingizi haukuuondoa. Nilikuwa nimemuuguza kwa muda mrefu, na masikio yangu yalizoea kukisikiliza kikohozi chake kutoka chumba cha pili. Hata alipokwisha kuzikwa, bado nilikuwa nashtuka saa tisa za usiku, nakaa kitandani, nasikiliza.

Bruda mmoja niliyefundisha naye, Mkatoliki wa shirika la Mtakatifu Fransisko, ndiye aliyeniambia habari za Kinondo. Kulikuwa na kundi la watu wa dini mbalimbali mjini Mombasa waliokuwa wakikutana kwa miaka kuzungumzia amani, hasa nyakati za uchaguzi, mji unapopata joto. Walikuwa wamechoshwa na mikutano ya hotelini, ile ya beji shingoni, chai ya saa nne na maazimio yasiyosomwa na mtu. Safari hii waliamua kukodi nyumba kubwa ya zamani huko Kinondo, kusini mwa Diani, wakae tu. Hapangekuwa na mada wala wasemaji. Mwenye kutaka kuswali angeswali, mwenye rozari yake angesali rozari, mwenye usingizi angelala.

"Njoo, mwalimu," bruda aliniambia. "Kaa mahali ambapo hakuna anayekungoja."

Nilisita. Wakatoliki wana mafungo yao ya kiroho, nasi tuna itikafu, ambayo ina masharti yake na mahali pake ni msikitini. Kwenda kukaa na watu wa dini nyingine kwa nia ya kuipumzisha roho ni jambo ambalo sikujua niliweke fungu gani. Nikaenda kwa sheikh wangu. Aliniuliza kama nitaswali swala zangu zote. Nikasema ndiyo. Kama nitakula halali. Nikasema ndiyo. "Basi nenda ukalale, mwanangu," akasema. "Mama yako amekwisha pumzika. Zamu yako sasa."

Watu wanaoniuliza juu ya siku zile hudhani ugumu ulikuwa katika ibada. Wapi. Ibada kila mtu alikuwa na yake, na nyumba ilikuwa na vyumba vya kutosha. Alfajiri adhana ilisikika kutoka msikiti wa kijijini, sisi Waislamu tukatoka, na tuliporudi tuliwakuta masista wamekaa barazani na vitabu vyao vya sala. Tulipeana salamu kwa kichwa na kila mtu akashika njia yake. Ugumu ulikuwa jikoni. Waliopanga safari walikuwa wameandika karatasi ndefu: hawa halali, yule Mgujarati mzee hali nyama, samaki wala mayai, na hataki chakula kilichopikwa katika chungu kilichopita samaki, mchungaji ana kisukari, mama mmoja anafunga Jumatano na Ijumaa. Walipendekeza majiko matatu na seti tatu za vyombo.

Mpishi alikuwa mama wa Kidigo wa hapo hapo. Alisomewa karatasi yote akiwa amesimama na kisu mkononi, akaisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mtakula ninachopika nyumbani kwangu."

Asubuhi nilikwenda kumtazama, maana nilikuwa nimeamka mapema kama kawaida yangu na sikuwa na la kufanya. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi, nazi imepasuliwa mapande mawili, anakuna kwa mkono usiokwenda haraka wala kusimama, na machicha meupe yakianguka ndani ya sinia. Aliyatia maji vuguvugu, akayakamua kwa kifumbu, akaliweka tui la kwanza kando chini ya kawa. Lile la pili, jepesi, akalimimina juu ya mbaazi zilizokuwa zimeshaiva nusu, pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Mbaazi zilipokuwa tayari ndipo alipolitia tui zito, akikoroga upande mmoja bila kuacha mpaka lilipochemka, ili lisikatike. Kuku wakapewa machicha. Vifuu viliingia jikoni chini ya sufuria, na makumbi yalikuwa yamepangwa ukutani yakingoja kazi nyingine. Mezani tulikuta mbaazi hizo na mahamri ya moto. Sheikh aliyekuwa nasi alikula, masista walikula, mchungaji akala mbaazi akaacha mahamri, na mzee Mgujarati alikula sahani mbili, akasema tangu mkewe afariki hakuwahi kula chakula asichokiulizia maswali.

Siku zote tulizokaa hatukuona nyama, na hakuna aliyeilalamikia. Karatasi ile ya majiko matatu ilitoka katika nia njema, lakini ilimfanya kila mmoja wetu kuwa tatizo la kutatuliwa. Yule mama alianza na nyumba yake. Alikuwa na upishi wake, akatukaribisha ndani yake, na sote tukaenea. Niliyaelewa hayo vizuri zaidi nilipoingia msituni.

Kaya Kinondo ni msitu mdogo kando ya bahari, hekta 30 hivi, na mtu anaweza kuupita kwa gari akadhani ni kichaka kilichosahauliwa baina ya viwanja. Ni mmoja wa misitu mitakatifu ya Mijikenda, yaani Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi, Wakauma na Wagiriama. Masimulizi yao husema walitoka Shungwaya, kaskazini, wakikimbia vita, wakateremka pwani na kujenga miji yao ndani ya misitu, mji katikati, miti minene pande zote, na vijia vyembamba vyenye malango. Miji hiyo ndiyo kaya. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhama humo, wakaenda kulima na kujenga nje. Makaburi yalibaki, na mahali pa kuomba, na miti. Leo ukitembea Kwale na Kilifi ukaona juu ya kilima kisiwa cha msitu mkubwa kilichozungukwa na mashamba ya mahindi na mikorosho, aghalabu unaangalia kaya.

Siku ya kuingia humo tulitoka watu watatu: mimi, bruda, na yule mzee Mgujarati, ambaye alikuwa mhasibu bandarini kabla ya kustaafu. Wanakijiji walianza kuwapokea wageni katika kaya hii mwaka 2001, kwa ada, na kwa masharti yao. Pale kwenye kibanda cha kuingilia tulimkuta mzee wa kaya, Mdigo, ndiyo kwanza anatoka kuswali adhuhuri, ndevu zake bado zina maji ya udhu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Kofia mtazivua hapa."

Bruda alivua chepeo chake, mhasibu akavua kapelo. Mimi nilikuwa nimevaa kofia ya vito aliyonishonea mama. Alianza kuishona macho yake yakiwa mazima, akaimalizia akiwa anapapasa tundu za sindano kwa kidole, na tangu siku ya mazishi nilikuwa naivua kitandani tu. Mzee aliniangalia, hakusema kitu, hakuniharakisha. Niliivua, nikaikunja, nikaitia mfuko wa kifuani. Tukafungwa kila mmoja kaniki nyeusi kiunoni na kusomewa masharti: hatutaingia bila mwongozaji, hatutachukua kitu, hatutaacha kitu, hatutafanya mambo ya mapenzi humo ndani, hatutapiga makelele.

Tangu nilipokuwa chuoni nasoma juzuu niliambiwa kaya ni mambo ya ushirikina, na mtu wa mji hana la kufanya huko. Sitaki kulipitia suala hili juu juu, kwa sababu wapo wasomaji wenzangu watakaolishika. Mimi sikuomba chochote kwa mizimu ya mtu, na hakuna aliyeniambia niombe. Nilichokuwa nikikifikiria wakati ule, na kichwa changu wazi, ni Makka. Katika eneo la haramu mti haukatwi, mnyama hawindwi. Mwanamume aliyehirimia huvua nguo zake za kila siku, akajifunga shuka, na kichwa chake hakifunikwi, awe mfalme au mchukuzi. Sisemi mambo haya mawili ni sawa. Nasema dini yangu inafahamu vizuri sana kuwa pana ardhi ambayo mtu akifika lazima abadilike yeye, kwa sababu ardhi haitabadilika kwa ajili yake. Kule Pemba wavuvi wa kisiwa cha Misali wamefundishwa kutunza matumbawe kwa mafundisho ya Kurani, na walisikia zaidi kuliko walivyosikia amri za maofisa.

Ndani kulikuwa na baridi. Jua la Diani, lile la saa nane linalopasua kichwa, lilibaki nje, na chini ya miti pakawa na mwanga wa kijani na harufu ya majani yanayooza. Mbega walipita juu wakaangusha vijiti. Mwongozaji, kijana wa kijiji hicho, alitembea mbele polepole akitaja miti na kazi zake: huu wa tumbo, huu wa mama aliyejifungua, huu haushikwi. Mizizi mingine ilikuwa imekumbatia mawe ya matumbawe, maana msitu huu umeota juu ya mwamba wa bahari ya kale, na udongo wake ni haba mno. Tulipofika kwenye mti mmoja mkubwa alituambia anayetaka aukumbatie, auachie mzigo wake. Bruda aliukumbatia. Mhasibu aliunganisha viganja vyake akainamisha kichwa. Mimi nilikaa chini nikaegemeza mgongo.

Sijui nilikaa muda gani. Nilichokitambua baadaye, tulipokuwa tunarudi, ni kwamba wakati wote ule sikuwa nasikiliza kitu. Masikio yalikuwa yameachia. Hakuna mtu katika msitu ule aliyehitaji nimgeuze ubavu, na hapakuwa na kazi yoyote ambayo ningeweza kuifanya humo hata kama ningetaka. Nisingeweza kuokota takataka, hazikuwepo. Nisingeweza kuchuma jani kulipeleka darasani. Yote yalikuwa yamekatazwa. Kwa mtu aliyeishi miaka kwa kuhitajika, katazo lile lilikuwa rehema, na ninaamini sehemu kubwa ya pumziko nililolipata Kinondo ilitoka humo, kuliko katika ndege na upepo na mambo mengine yanayosifiwa katika matangazo.

Tukiwa tunatoka, mhasibu aliinama akaokota mbegu ya mbambakofi. Ni mbegu nzuri, nyeusi inayong'aa, na kichwa chake kimevishwa utosi mwekundu. Alitaka kumpelekea mjukuu wake. Kijana aligeuka.

"Irudishe, mzee."

Akaiachia chini.

"Hapo sipo. Ilikuwa pale, kwenye mzizi."

Mzee yule, mtu mwenye umri wa kumzaa baba yake kijana, alirudi hatua nne, akachuchumaa kwa shida, akaiweka palepale. Hakuna aliyecheka. Njiani aliniambia kuwa katika kazi yake yote bandarini hajapata kuona hesabu inayofungwa hivyo, mpaka mbegu moja.

Usiku wake tulizungumza sana, na ingawa tulikuwa tumeahidiana kutokuwa na mada, nayakumbuka mazungumzo yale kuliko semina zote nilizohudhuria. Mhasibu alitueleza habari za Wabishnoi wa Rajasthan, kunakopakana na kwao wazee wake. Mwaka 1730 watu wa mfalme wa Jodhpur walifika katika kijiji cha Khejarli kukata miti kwa ujenzi wa jumba la kifalme. Mwanamke mmoja, Amrita Devi, aliukumbatia mti akakatwa pamoja nao, wakafuata binti zake, wakafuata wanakijiji, mpaka wakafa watu 363. Alisimulia kwa sauti ya chini, na bruda, ambaye mchana alikuwa ameukumbatia mti, alikaa kimya muda mrefu.

Naye akatusimulia Assisi. Mji ule wa Mtakatifu Fransisko ulipokea mikutano miwili mwaka 1986. Wengi wanaukumbuka ule wa Oktoba, Papa Yohane Paulo wa Pili alipowaalika viongozi wa dini za dunia kuombea amani. Lakini mwezi mmoja kabla, Septemba, shirika la uhifadhi la WWF, likiadhimisha miaka 25 yake, liliwaalika hapo viongozi wa dini tano, Wabudha, Wakristo, Wahindu, Waislamu na Wayahudi, kila dini itoe tamko lake juu ya wajibu wa binadamu kwa viumbe. Bruda alilisimulia kwa fahari, na ana haki nayo. Mambo mengi mema ya dini na mazingira yaliyofuata duniani yana mizizi pale.

Mzee wa kaya alikuwa amealikwa chakula nasi usiku huo. Alisikiliza, akauliza swali moja: "Katika hao watano, sisi tulikuwa wapi?"

Swali hili limekaa nami kuliko yote. Wakati matamko yale yanasomwa, kulikuwa na wazee katika vilima vya Kwale na Kilifi ambao misitu yao ilikuwa imesimama kwa karne kadhaa bila tamko lolote. Hawakuwa na kitabu, hawakuwa na makao makuu, kwa hiyo hawakuhesabiwa. Katika miaka hiyo hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa mimea walikuwa wakizunguka pwani ya Kenya kuandika kilichobaki, na wakawa wanakuta miti adimu katika sehemu ambazo wazee walikataza panga lisiingie. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2008 UNESCO iliandika baadhi yake katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 desturi zenyewe, yaani maombi, miiko na mazishi, zikaandikwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ni heshima kubwa. Lakini zingatia mfuatano wake: miti ilitambuliwa kwanza, watu walioilinda wakafuata, na walipotambuliwa walitambuliwa kama kitu kinachokufa.

Kinachowaua kinajulikana. Sehemu ile ya pwani ardhi ni dhahabu. Miaka ya 1990 viwanja vya Diani vilipokuwa vinagawiwa, kaya kadhaa zililiwa pembezoni, nyingine zikabaki jina. Kijana akiambiwa asichukue kijiti msituni, na huku anaona tingatinga limesukuma ekari nzima kwa hati iliyopigwa muhuri, mwiko wa babu unageuka kuwa mzigo wa maskini peke yake.

Wapo wanaosema msitu ukikatwa utapandwa mwingine. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu Bamburi kuona kazi ya René Haller, na nilirudi na heshima isiyopungua kwa mtu yule. Mwaka 1971 alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe la mawe ya matumbawe, joto la kuchoma na maji ya chumvi chini yake. Alijaribu aina 26 za miti, zikakubali tatu: mvinje, mnazi na mti mmoja kutoka upande wa Somalia. Mvinje uliota, lakini majani yake makavu yalilala chini bila kuoza, na pasipo kuoza hakuna udongo. Ndipo alipowaona jongoo wakiyala majani yale. Wakakusanywa jongoo, wakaachiwa kule, wakatafuna, na kinyesi chao kikaanza kuwa mboji. Leo pale pana viboko, twiga na kivuli, na watu wa Mombasa huenda kupumzika Jumapili. Wanafunzi wangu walimshika jongoo mkononi kwa adabu kabisa. Hata hivyo nikilinganisha, Haller na wenzake wametoa miongo ya kazi, fedha za kiwanda na wadudu wasio na idadi ili wapate msitu. Kinondo, juu ya mwamba uleule wa matumbawe, aina za miti ni nyingi mno, na gharama yake ilikuwa mzee mmoja wa kukataza katika kila kizazi.

Kwa hiyo ninaposikia siku hizi watu wakijenga vituo vya mapumziko ya kiroho pwani, vya dini zote, vya kurudi kwenye maumbile, moyo wangu unakwenda pande mbili. Hitaji ni la kweli. Nimelihisi mwilini mwangu, na ninawajua manesi, walimu na akina mama wanaouguza wagonjwa ambao wangepona nusu kwa siku tatu za kutohitajika. Lakini kituo kisicho na mwenyewe hunitia shaka. Pakiandikwa mlangoni kuwa kila mtu aje na chake, kila mtu hufanya hivyo kweli: anakuja na spika yake, na picha zake, na haraka yake, na mahali panakuwa pa yule mwenye fedha nyingi zaidi. Kinondo tulienea sote kwa sababu pale pana wenyewe, na wenyewe wana miiko, na miiko hiyo haikuuliza imani ya mtu. Iliuliza tu mikono yake. Mkatoliki hakutakiwa kuacha msalaba wake, nami sikuacha shahada yangu. Sote tulitakiwa kurudisha mbegu.

Na wenyewe hao wanahitaji kulindwa kuliko miti. Waingereza walilijua hilo zamani: mwaka 1914, walipotaka kuvunja upinzani wa Wagiriama uliochochewa na Mekatilili wa Menza, waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Siku hizi hapahitajiki baruti. Katika Kilifi na Kwale wazee wamekuwa wakiuawa kwa kutuhumiwa uchawi, mzee wa watu mwenye mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni, na ukiuliza sana nyuma ya tuhuma unakuta shamba ambalo vijana wanataka kuliuza. Anayekatwa panga ndiye anayejua jina la kila mti. Huko Ganze, Kaunti ya Kilifi, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa hivyo, waume kwa wake, wengine wamefika na nguo walizovaa tu. Wanaishi chini ya ulinzi wa kaya kama babu zao walivyoishi wakikimbia vita. Sijui kituo cha mapumziko kinachostahili jina hilo kuliko kile, na hakina tangazo popote.

Kundi letu lilirudi Kinondo, na likarudi tena. Baadaye mfadhili mmoja akatupa habari njema, au yeye aliziona hivyo: kiwanja cha kujenga kituo chetu wenyewe, ufukweni, chenye miti ambayo ingebidi ipunguzwe kidogo ili tupate ukumbi, vyumba vya kulala na mahali pa kuegesha magari. Michoro ilikuwa mizuri. Palikuwa na chumba cha swala kilichoelekezwa kibla sawasawa na kanisa dogo lenye dirisha la baharini.

Nilipinga. Nilisema tuendelee kukodi nyumba ya watu na kula chakula cha mpishi wetu, na fedha za ukumbi ziende kwa kamati ya kaya kuotesha miche ya kuziba pembe zilizoliwa, na kwa unga na dawa za wazee wa Godoma. Bruda yuko nami. Sheikh yuko nami nusu, anasema jua kali, wazee wetu wenyewe wanahitaji choo cha karibu, na hilo ni kweli. Mhasibu amepiga hesabu ya njia zote mbili na kutuachia karatasi mezani bila kusema yuko wapi. Wenzetu watatu bado wanakitaka kiwanja, nao ni watu wema ambao wamechoka kufunga na kufungua mizigo. Nimewaomba kitu kimoja kabla hatujapiga kura: twende kwanza Ganze, kama watatupokea, tukae na wale wazee siku mbili au tatu, tule wanachokula, na tuwaulize wao wangejenga nini.